Ziara ya Bi Sikudhani Nyumbani Kwake

Nchi yetu haina tatizo lolote. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wasomaji wenye tabia ya kusoma hadithi huku wakitafuta tatizo, kama mtu anayechambua mchele ambao ameshaambiwa hauna mawe. Jina la nchi sitalitaja. Si kwa woga, la. Ni kwa kuwa hubadilishwa kila baada ya uchaguzi, na nisingependa kuandika leo jina ambalo kesho litakuwa kosa la jinai.

Mimi ni Shahidi wa Furaha wa mtaa wa Mwanga Mpya. Kazi hii haipo katika nchi nyingine, ndiyo maana nchi nyingine zina huzuni. Familia yoyote inayokwenda kwenye jambo la serikali, iwe sherehe, iwe mazishi ya kiongozi, iwe uzinduzi wa kisima kitakachochimbwa baadaye, lazima ifuatane na Shahidi. Mimi huzitazama nyuso zao, kisha hutoa taarifa kwamba wamefurahi. Sijawahi kutoa taarifa nyingine, kwa kuwa taarifa nyingine haijatungwa.

Basi mwaka ule, ulipoingia Mwezi wa Kukumbuka, redio ikatangaza hivi: "Wananchi, imebainika kwamba mmeanza kusahau mateso. Wapo wanaothubutu kunung'unika juu ya maisha ya sasa, jambo ambalo lisingewezekana kama wangeyakumbuka maisha ya zamani. Kwa hiyo Mtukufu Mlezi, kwa huruma yake isiyo na mshipi wala kifungo, ametujengea zamani upya."

Zamani hiyo iliitwa Mji Hai wa Historia wa Ukame. Mle ndani, ikasema redio, wanaishi watu waliovaa magunia, wanaolala njaa na kubeba maji kutoka mtoni, sawasawa na tulivyoishi sote kabla Mtukufu Mlezi hajatuokoa. Kila familia itautembelea kwa hiari yake kabla ya mwisho wa mwezi, na familia itakayokosa hiari itapelekewa.

Nyumba ya pili kutoka kwangu anakaa Mahfudhi, fundi wa majokofu. Kwa kuwa mtaa wetu hauna umeme, Mahfudhi ni mtu mwenye nafasi. Anaishi na mkewe Asumini, binti yao Mwanaidi aliyekuwa na kikohozi tangu masika, na mama yake mzazi, Bi Sikudhani, ajuza mwembamba mwenye sauti ambayo haijazeeka pamoja naye. Siku ya tangazo tulikuwa tumekaa barazani kwao. Redio ikaendelea kuusifia ubaya wa mji ule: mlima wake wenye umbo la nundu ya ngamia, soko lake lenye tao la mawe, mto wake unaopinda kama mkono wa birika.

Bi Sikudhani akaacha kusuka ukili.

"Huo si Ukame," akasema. "Huo ni Chemchemi."

"Mama," Mahfudhi akasema, akiniangalia mimi kwanza.

"Chemchemi kwetu! Nilikoolewa, nilikokuzaa wewe. Walikuja na malori, wakasema tunapelekwa kwenye maendeleo, wakatumwaga hapa penye mchanga. Nikasema labda wanataka kujenga kiwanda. Kumbe walitaka mji wenyewe, ila sisi ndio tuliokuwa tukiuchafua." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na baba yako yuko uani, chini ya mkomamanga. Tangu siku ya malori hakuna aliyemfagilia. Nitakwenda, Mahfudhi. Andaa safari."

*

Usidhani kwamba kwenda zamani ni jambo la kuamka na kufunga mzigo. Anayetaka kuiona historia lazima kwanza ahakikishwe kwamba hataikuta tofauti na anavyoikumbuka. Kwa hiyo tukaenda Ofisi ya Kumbukumbu, ambako kila mtu mzima husailiwa. Mahfudhi alipita upesi, maana hakumbuki kitu, na asichokikumbuka hakikumbuki kwa ufasaha. Asumini naye alipita. Bi Sikudhani, kwa kuwa alizaliwa upande ule, akapelekwa kwa Mkurugenzi wa Zamani mwenyewe, Dakta Tumsifu.

Dakta Tumsifu ni msomi. Alipata shahada yake ya udaktari kwa utafiti juu ya mambo ambayo yatakuwa yalitokea. Ana miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kusomewa. Akamkaribisha Bi Sikudhani kitini kwa heshima zote.

"Bibi, kabla ya Mtukufu Mlezi, mlikuwa mkipata wapi maji?"

"Bombani."

Karani aliyekuwa akipiga mihuri alisimamisha mkono hewani.

"Bomba lipi, bibi?"

"La uani. Lilikuwa na koki ya shaba. Marehemu mume wangu Feruzi alikuwa mpishi wa halua, na halua haikorogwi kwa mchanga, mwanangu."

Dakta akatabasamu kama daktari wa meno. "Bibi, wewe unazo kumbukumbu za nyumbani. Sisi hapa tunashughulika na kumbukumbu za taifa. Hivyo ni vitu viwili tofauti, kama maji yalivyo tofauti na Wiki ya Maji. Na mwanga? Mlitumia nini?"

"Umeme."

"Na mlipougua?"

"Tulikwenda zahanati. Ipo nyuma ya soko."

Akafelishwa. Akaamriwa kuhudhuria Darasa la Kukumbuka kwa Pamoja, ambako wazee huketi kwenye mikeka na kuitikia kwa sauti moja: "Hatukuwa na kitu! Hata ukosefu tulikuwa hatuna!" Bi Sikudhani alihudhuria bila kukosa, na bila kukosa alilala. Mwalimu wake aliandika kwamba anaitikia kwa kukoroma, lakini kwa mahadhi sahihi.

Nyumbani Mahfudhi alimsihi. "Mama, sema tu kwamba hapakuwa na maji. Maneno hayaondoi bomba mahali pake."

"Wewe umezaliwa chumba cha kushoto, chini ya taa ya umeme. Mkunga alipokuinua, kivuli chako kilikuwa ukutani kikubwa kama cha mtu mzima. Nikane hata hilo?"

"Sijui, Mama. Najua tu kwamba kaburi la Baba halifagiliwi kwa kivuli changu."

Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumwona Mahfudhi akisema jambo bila kuniangalia mimi kwanza. Bi Sikudhani akakunja ukili wake, akaenda kulala bila kula.

Tuliporudi kwa Dakta Tumsifu, Bi Sikudhani aliketi wima kama sindano.

"Bibi, mlikuwa mkinywa nini?"

"Mate."

Dakta akavua miwani. "Mate?"

"Mate yetu wenyewe. Mwenye nayo mengi alimwazima jirani."

"Na mlipougua?"

"Tulikufa."

"Wote?"

"Wote."

"Na wewe je, bibi?"

"Mimi nilikufa mara mbili."

Dakta Tumsifu alilia. Nilimwona kwa macho yangu: alilia kilio cha msomi aliyepata tanbihi. Akasimama, akamshika Bi Sikudhani mikono yote miwili, akasema kwamba hajapata kukutana na kumbukumbu safi namna ile, na kwamba laiti wazee wote wangekuwa hivi, taifa lingekuwa limesahau mambo yake yote kufikia sasa. Akampitisha kwa alama za juu. Tulipotoka nje, Bi Sikudhani alitema mate barabarani, akasema, "Nimempa ya kunywa."

*

Maandalizi yakaanza. Maelekezo ya Wizara yalikuwa wazi. Mgeni lazima avae nguo za rangi kali, ili asichanganywe na zamani. Mgeni achukue maji yake, kwa sababu zamani hapakuwa na maji. Na mgeni lazima arudi. Hili lilisisitizwa sana, kwa kuwa siku za kwanza za maonyesho baadhi ya wageni walijificha kwenye mateso ya zamani, na walipokamatwa na kurudishwa kwenye raha ya sasa walipiga mayowe. Tangu hapo wanaoingia huhesabiwa, na wanaotoka huhesabiwa.

Asumini alikaanga maandazi. Maji aliyatafuta kwa siku nzima, maana mtaa wetu una mabomba mazuri sana yaliyofungwa ukutani, lakini ni ya heshima. Bi Sikudhani alipewa dera la njano lenye picha ya Mtukufu Mlezi kifuani, akalivaa bila neno. Ndani ya mkoba wake, chini ya kanga, akatia fagio fupi la njiti. Mwanaidi, anayependa kuuliza, akamwuliza zamani kunafananaje.

"Kunafanana na nyumbani," Bi Sikudhani akamjibu, "kabla watu hawajatusaidia."

Basi la Wizara lilitupeleka. Langoni palikuwa na kibao: KUTOKA SASA KWENDA ZAMANI, PITA KUSHOTO. Mlinzi akatuhesabu, akatugonga muhuri mikononi, akatutakia mateso mema.

Sasa nitasema jambo ambalo mjinga anaweza kulielewa vibaya. Wenye njaa wa Ukame walikuwa wanene. Walikuwa wamejikunja vichochoroni katika magunia yao, wakinyoosha mikono na kuomboleza, na mashavu yao yaling'aa kama ya maharusi. Mwongozaji wetu akaeleza kwamba Wizara huwalisha milo mitatu, kwa sababu uzoefu umeonyesha kwamba mtu mwenye njaa hawezi kuigiza njaa: hukosa nguvu ya kuomboleza. Sisi wageni tukapita katikati yao tukiwa na rangi zetu kali na mifupa yetu ya mabega. Mke wa balozi mmoja wa nchi za nje, aliyekuwa akitembezwa mjini na Dakta Tumsifu mwenyewe, akamwona Mahfudhi, akatoa machozi, akampa mkate. Akataka kupiga picha naye. Mahfudhi akaomba radhi, akasema yeye ni wa sasa. Mama yule hakuamini, akampa na jibini.

Nyuma ya soko tukafika kwenye chumba kilichoandikwa ZAHANATI YA MATESO. Ndani alikuwapo mwanamke wa makamo kavaa gunia lililoraruliwa kwa mkasi. Mwanaidi alipokohoa, mwanamke yule aliacha kuomboleza katikati ya kuomboleza.

"Kikohozi hiki kina muda gani?" akauliza.

"Tangu masika," Asumini akasema.

Mwanamke akachungulia nje, kisha akaweka sikio lake mgongoni mwa mtoto, akampigapiga kwa vidole. Alikuwa muuguzi wa kweli. Hospitali yetu kuu ilimpunguza kazini, na zamani ikamwajiri. Akafungua kabati lililoandikwa UHABA. Lilikuwa limejaa. Akatoa chupa ya dawa, akaeleza namna ya kuinywa, kisha akakaa tena sakafuni na kuendelea na kuomboleza pale alipoachia.

Asumini alitoka nje akiwa ameikumbatia chupa ile. "Bwana Shahidi," akaninong'oneza, "zamani kuna dawa."

Nikamwambia kwamba hiyo ni sehemu ya maonyesho. Akaniuliza na kikohozi cha mwanawe je, nacho ni sehemu ya maonyesho? Mimi sikuwa na maelekezo juu ya swali hilo.

*

Bi Sikudhani hakuwa nasi tena. Alikuwa ameshatangulia, anapita vichochoro kama mtu anayepita ukumbini kwake usiku bila taa. Tulimkuta amesimama mbele ya nyumba ya mlango wa mninga, mkono juu ya kizingiti. Hakulia. Alikuwa akikipapasa kizingiti tu, mahali kilipolika.

Uani kulikuwa na mkomamanga, na chini yake kaburi, limefunikwa na majani makavu, na juu yake picha kubwa ya mwanamume aliyebaki mbavu. KABURI LA MHANGA WA NJAA, kilisema kibao. Pembeni mwanamke aliyepakwa majivu nywelani alikuwa akilia kwa sauti ya kupanda na kushuka: "Ee Feruzi wangu! Ulikufa ukitafuna kamba ya kitanda!"

"Huyu kwenye picha ni nani?" Bi Sikudhani akauliza.

"Ni mume wangu, Feruzi," mwanamke akajibu kwa huzuni ya kikazi.

"Feruzi alikuwa na kitambi!" Sauti ile ilipasua ua. "Alikuwa na kitambi cha kuwekea sahani! Akicheka vifungo vinakatika, mimi navishona, anacheka tena! Njaa? Feruzi alikufa kwa moyo, ameshiba biriani ya harusi ya watu, anasifu! Na wewe unayemlilia ni nani?"

Mwanamke akayumba. "Mimi... mimi ni Bi Sikudhani."

Watu wakakusanyika. Dakta Tumsifu akaja mbio, wageni wake wa ubalozi wakimfuata. Alipoelezwa mgogoro ulipo, alitulia kabisa, maana ni mgogoro wa kitaaluma. Akamwomba mwanamke mwenye majivu kitambulisho. Kilikuwapo, cha Wizara, chenye muhuri: Sikudhani, mjane wa Feruzi, mkazi wa Ukame. Akamwomba Bi Sikudhani naye cha kwake. Kilisema: Sikudhani, mkazi wa Mwanga Mpya.

"Mambo ni bayana," akasema Dakta. "Bi Sikudhani wa Ukame ni huyu. Wewe, bibi, umefanana naye jina tu. Nakukumbuka vizuri. Kwa kauli yako mwenyewe ulishakufa mara mbili. Marehemu hawezi kudai nyumba."

Bi Sikudhani alitoa fagio mkobani.

"Hapana!" Dakta akapaaza sauti. "Majani hayo ni ushahidi! Tumeyaleta kwa lori. Kaburi likifagiliwa, litaonekana kama la mtu aliyependwa, na hapo hoja nzima ya mji huu inaanguka!"

Kengele ya chakula cha mchana ikamwokoa Bi Sikudhani. Dakta aliwaongoza wageni wake kwenye karamu ya kuadhimisha njaa, huku akimwamuru mlinzi asimame mlangoni. Mlinzi aliposikia harufu ya pilau, naye akaenda kuadhimisha.

Uani tukabaki sisi na yule mwanamke. Alijifuta uso kwa pembe ya gunia, na chini ya majivu akatokea mtu wa miaka arobaini na kitu, amechoka.

"Shikamoo, mama," akasema. "Jina langu ni Siwema. Nilikuwa mwigizaji wa jumba la maigizo la taifa, kabla halijafungwa kwa kukosa cha kuigiza ambacho hakijaigizwa bungeni. Nisamehe. Nilipewa jina nikadhani limetungwa."

Bi Sikudhani alikuwa akifagia. Aliyavuta majani polepole kutoka kichwani kwenda miguuni, kama mtu anayemvua mwenzake shuka bila kumwamsha.

"Ninamlilia kila siku," Siwema akaendelea, "na simjui. Wakati mwingine machozi yanagoma, inabidi nimfikirie binti yangu. Yuko mji mkuu. Amejifungua, nimepata mjukuu wa kwanza, sijamtia machoni. Nimeomba likizo. Dakta akaniambia historia haina likizo." Akaligeukia kaburi. "Alikuwa mtu wa namna gani, huyu Feruzi?"

Fagio likasimama.

"Alikuwa mwongo," Bi Sikudhani akasema. "Aliniposa akasema ana punda wawili. Hakuwa na hata mmoja. Nilipomwuliza, akasema punda ni yeye, na wa pili ni mwanamke atakayemkubali." Akaanza kucheka. Siwema naye akacheka, akaziba mdomo, akacheka tena. Walicheka juu ya kaburi la mhanga wa njaa mpaka Mwanaidi naye akaambukizwa bila kujua sababu. Kisha ghafla Siwema alikuwa analia, na hakikuwa kile kilio cha kupanda na kushuka. Kilikuwa kibaya, chenye kamasi.

Bi Sikudhani alimshika bega. Akamtazama toka unyayoni hadi utosini, kama mama anayepima kitambaa.

"Vua hilo gunia," akasema.

"Mama!" Mahfudhi aliruka. "Unataka kufanya nini?"

"Anaye mjukuu anayemsubiri. Mimi nina mume. Langoni wanataka Bi Sikudhani mmoja atoke na mmoja abaki. Watampata."

"Utaishi kwenye gunia? Ukilishwa kama maonyesho? Watu wakikupita wakikutazama?"

"Mahfudhi mwanangu, kule Mwanga Mpya nilikuwa nikipitwa bila hata kutazamwa. Hapa nitakaa kwangu. Dawa ipo nyuma ya soko. Na wewe unaruhusiwa kuja kila Mwezi wa Kukumbuka, kwa hiari yako."

Mahfudhi aliketi kwenye ukingo wa kisima kikavu cha maonyesho, akafunika uso. Asumini ndiye aliyenigeukia. Macho yake yalikuwa makavu na ya kutisha.

"Bwana Shahidi wa Furaha," akasema, "umeona nini?"

Nilizitazama nyuso zao, maana ndiyo kazi yangu. Nikasema nimeona furaha.

*

Langoni, Dakta Tumsifu alikuwapo, ameshiba, anawaaga wageni. Mlinzi alituhesabu na idadi ikatimia. Lakini alimtazama Siwema, aliyekuwa ndani ya dera la njano na kanga imeshuka usoni, akakunja uso.

"Mzee, huyu bibi alipoingia alikuwa amezeeka zaidi."

Dakta alikuwa akimwona Siwema kila siku ya Mungu. Alikuwa amemfundisha kulia, amemkaripia, amemnyima likizo. Akamkaribia, akamtazama. Lakini kumbe miaka yote ile alikuwa akilitazama gunia. Uso uliokuwa juu ya picha ya Mtukufu Mlezi hakuujua.

"Ajabu!" akasema, akiwageukia wageni wake. "Mnaona? Ndiyo nguvu ya elimu ya historia! Mwananchi akiyaona mateso ya zamani, huithamini sasa, na anayeithamini sasa hurudi ujana! Nitaliandikia kitabu." Hata hivyo, kwa kuwa msomi haachi kuhakikisha, akamwuliza Mahfudhi: "Huyu ni mama yako?"

Mahfudhi aligeuka kutazama nyuma. Kutoka pale lango lilipo unaliona tao la soko, na chini ya tao alikuwa amesimama ajuza mwembamba ndani ya gunia, mkono mmoja kiunoni. Hakupunga. Mahfudhi alikuwa mtu ambaye maisha yake yote aliambiwa aseme uongo akausema kwa kunong'ona. Safari hii alipaaza sauti, na nadhani hakuwa akimjibu Dakta.

"Huyo ndiye mama yangu!" akasema. "Ndiye aliyenizaa! Shuhudieni wenyewe!"

Dakta akapiga makofi. Basi likaondoka. Njia nzima Mahfudhi aliegemea dirisha, na Siwema alimshikilia mkono kama mama hasa, mpaka tulipopita mji mkuu, akashuka kwenye kona moja ya nyumba za mabati, akakimbia na dera lile la njano kama mtu anayefukuzwa. Sikumwona tena. Nilitoa taarifa kwamba familia imefurahi kupita kiasi.

*

Nimerudi Ukame hivi karibuni nikifuatana na familia nyingine. Nilijitenga nikaenda kwenye nyumba ya mlango wa mninga. Nilimkuta Dakta Tumsifu uani, anafoka, na Bi Sikudhani ameketi juu ya kigoda, anamenya komamanga.

"Kazi yako imeshuka!" Dakta alikuwa akisema. "Zamani ulikuwa ukilia mpaka wafadhili wanatoa leso. Siku hizi nasikia unawapigia wageni soga. Jana umemcheka marehemu mbele ya waziri! Humwigizi Bi Sikudhani kabisa. Bi Sikudhani hawezi kucheka. Bi Sikudhani ni mnyonge, hana kauli, hajui lolote!"

"Kwani wewe unamjua?" akauliza yeye, akitema mbegu kiganjani.

"Namjua? Mimi ndiye niliyemwandika!"

"Ahaa. Basi ukirudi ofisini mwandikie na godoro. Hilo la majani ulilomwandikia linamvunja kiuno, ndiyo maana halii vizuri."

Dakta alifikiri. Ilikuwa hoja ya kitaaluma. Akatoa kalamu, akaita msaidizi, akaamuru.

Nimeishi Mwanga Mpya miaka mingi, na sijapata kuona serikali yetu ikifanya jambo upesi namna ile. Godoro lililetwa alasiri ile ile, basi letu likiwa bado halijawashwa. Lilikuwa jipya, nene, limefungwa kwenye nailoni, na ubavuni limeandikwa kwa herufi nyekundu: MATESO. USILALIE.

Bi Sikudhani akaomba kisu kwa jirani, akaichana nailoni, akalitandika chumba cha kushoto, akajilaza.